Shuka la Imelda na Kitabu cha Sista Pilar

Mke wangu Skola,

Kamwene. Barua zote nilizowafundisha watoto wa watu kuandika zilianza kwa kuulizana afya, na leo kanuni hiyo imenishinda. Yako siwezi kuiulizia. Yangu ukiisikia utasema nadeka, kwa hiyo tuiache. Nakuandikia nikiwa kibarazani hapa Kalenga. Kiti changu kipo palepale, chako nimekiingiza ndani kwa sababu wageni walikuwa wanakikalia bila kuuliza. Imelda wetu ameolewa. Ameshakwenda Rujewa kwa mume wake, nimebaki mimi na kuku wako, ambao hawanisikilizi.

Nina jambo la kukuambia kuhusu lile shuka. Lakini sitaanza na shuka, maana barua hii nimekusudia isomwe na wengine pia, na wao hawajui tulifikaje huko. Wewe vumilia tu, kama ulivyonivumilia miaka yote nikianza habari kutoka mbali.

Nianzie kwa Sista Pilar. Wewe na wenzako wa kikundi mlijifunza kudarizi kwake, pale misheni, yeye na Kiswahili chake cha kuokoteza na mkono usiotulia. Alipozeeka shirika lake likamrudisha kwao Hispania, naye akawagawia vitu vyake kabla ya safari: huyu sufuria, yule sweta, wewe kitabu cha kudarizi. Kitabu kizima Kihispania. Mama Kanuti, mwenzenu wa kikundi, alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa Skola, hiyo utamsomea nani? Labda ukawasomee ng'ombe." Ulikifunga kwenye kanga, ukaja nacho nyumbani, ukakiweka mezani mbele yangu kama mtu anayepeleka kesi kwa balozi wa nyumba kumi.

"Mwalimu," ulisema, "wewe si ndiyo mwenye lugha?"

Nikakueleza kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na Kiingereza na Kihispania ni vitu viwili. Ukasema, kwani zote si za wazungu? Nilinuna siku nzima. Lakini wiki ileile nilishuka Iringa mjini, nikapekua kwa wauza vitabu vya mitumba, nikatoka na kamusi ya Kihispania na Kiingereza, imenyofoka jalada na ina doa la chai kurasa nzima za herufi M. Kamusi ya Kihispania na Kiswahili sijaiona mpaka leo. Ndiyo maana kila neno la kitabu chako lilibidi lipitie Kiingereza kwanza, lipumzike hapo, ndipo lije kwako.

Tulifanya kazi ile alasiri, vyombo vikishaoshwa. Wewe ulisoma kwa sauti, maana macho yangu hukuyaamini, nami nikatafuta kwenye kamusi na kuandika Kiingereza chake kwenye karatasi kwa mwandiko wa ubaoni. Neno la kwanza lilikuwa bordado. Nikaandika embroidery. Uliliangalia, ukalipima kwa kidole, ukasema, "Neno refu hivi kwa kazi ya kukaa?" La pili aguja, nikaandika needle. Halafu ukasoma "hilo". Nikakuuliza, hilo lipi? Ukasema hilo. Nikasema nionyeshe basi ni lipi. Tulitoleana macho pale kibarazani, mimi na wewe watu wazima, mpaka nilipofungua herufi H na kukuta kwamba hilo ni uzi. Thread. Ulicheka ukafuta machozi kwa ncha ya kitenge, na mimi nikajifanya sioni cha kuchekesha.

Mishono mingi ya kitabu kile ulikuwa unaijua tayari, tukaipita haraka. Mnyororo, msalaba, mshono wa nyuma. Uliokuvutia ni ule walioita punto de arroz. Nikaandika rice stitch, nikakuambia ni mshono wa mchele, vipunje vidogovidogo vilivyomwagwa bila mpango. Ulijaribu papo hapo kwenye kiroba cha unga kilichofuliwa, ukavimwaga vipunje vyako, na kesho yake nikakukuta umekifumua chote unaanza upya.

Imelda alipokuja likizo kutoka Mbeya, anakofanya kazi ya maabara, akatukuta tumeinama kwenye kamusi. Akatucheka. Akatoa simu, akapiga picha ukurasa mmoja, na maneno yote yakageuka Kiingereza hapohapo kwenye kioo. Kwa mwendo ule kitabu kingekwisha jioni ileile. Ulimshukuru sana, ukamwambia akasonge ugali. Alipoingia jikoni ukanigeukia.

"Simu inajibu haraka mno, Baba Imelda. Ikimaliza sisi tutabaki tunaangaliana."

Hatukuwa watu wa kuambiana maneno matamu, wewe na mimi. Baba yako alinipa mke, na posa ile ilijibiwa kwa kikohozi. Lakini maneno yako yale ya simu nimeyarudia kichwani kuliko hati zote nilizowahi kupewa za utumishi mwema.

Sehemu ya pili ya kitabu ilihusu vitabu. Ilinishangaza mimi, wewe hukushangaa. Wanawake wa kwao Sista hudarizi nguo za kuvalisha vitabu vya sala na vya nyimbo, na kurasa zile zilieleza namna ya kupima na kukunja. Libro, book. Página, page. Ukaishonea kamusi yangu koti la bluu kwa sababu ulisema inaaibisha nyumba. Kisha tukafika kwenye lomo, nikakuambia ni mgongo wa kitabu, ule upande unaoonekana kikiwa kabatini.

"Wa kitabu unashonwa," ulisema. "Huu wangu sijui nani ataushona."

Hapo ndipo nilipojua kuwa mgongo unakuuma. Wote tulidhani ni kuinama kwenye fremu. Ulijikanda kwa maji ya moto, ukaendelea. Baadaye hospitali walisema siyo mgongo, mgongo ulikuwa unapokea tu maumivu ya mahali pengine, na mahali penyewe saratani ilikuwa imeshakaa muda mrefu. Daktari kijana aliyetueleza alitueleza vizuri, kwa heshima, na alipomaliza ulimuuliza kama ana mke.

Ni katika kipindi hichohicho wazee wa Rujewa walileta barua ya posa. Kijana Masanja, baba yake Msukuma aliyeshuka na ng'ombe mpaka bonde la Usangu na kuishia kulima mpunga. Watu wakimya, wanaosalimia kwa kuinama. Uliwapenda. Waliponyanyuka kuondoka ulisema, "Huyu mama mkwe anaangalia mikono ya mtu kabla ya uso. Namtaka aone ya kwangu." Na kuanzia siku ile ukawa na kazi moja tu duniani.

Wasomaji wa mbali niwaeleze. Huku kwetu mama hamtoi binti mikono mitupu. Siku ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, mbele ya watu, humkabidhi shuka na foronya alizozidarizi mwenyewe, na binti hatakiwi kuziona kabla. Kwenye foronya na ukingo wa shuka huandikwa maneno, na maneno hayo ni ya Kiingereza. Hakuna aliyepitisha sheria, ndivyo ilivyo. Na karibu wote huandika Sweet Dreams. Nimeingia vyumba vya wagonjwa, vya wajane, vya watu waliokuwa wamegombana asubuhi, na ukutani au kitandani nimeikuta Sweet Dreams, mara nyingine na herufi imesahaulika.

Ulikataa. "Imelda hatalalia maneno yaliyolaliwa na kila mtu." Ukataka neno la kitabu cha Sista, lakini kwa Kiingereza, ili wakwe na wageni walisome wasidhani ni uchawi. Basi tukaenda sehemu ya tatu, ambayo tulikuwa hatujaigusa, kurasa za maneno ya heri ya kudarizia nyumba mpya. Paz. Salud. Abundancia. Dicha. Na chini kabisa, kwa herufi zenye mikia, prosperidad. Ulilipenda kabla hujajua maana yake, kwa sababu herufi zake ulisema zinakaa vizuri mstarini, hakuna inayomsukuma mwenzake.

Wakati huo ulikuwa umelazwa, na mimi nikawa nakuja wodini na kamusi kwenye mfuko wa nailoni. Nikakuambia hili jepesi, Kiingereza chake ni prosperity. Nikadhani tumemaliza.

"Na Kiswahili je? Siwezi kudarizi kitu sikijui."

Nikasema mafanikio. Ukakunja uso, ukasema hiyo ya matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme. Nikasema ustawi. "Ustawi ni ile ofisi ya Ustawi wa Jamii, watu wanaenda kugombania watoto." Nikasema neema. Ukanikumbusha Neema ni binti wa jirani, na tabia zake tunazijua. Nikasema utajiri, hapo ukageukia ukuta kabisa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anacheka chinichini kwenye blanketi. Nilichoka, nikavua miwani. Nikakuambia, basi, Skola, ni hivi: mtu ana vya kumtosha, na ana afya ya kuvila, na ana watu wa kula nao.

Uligeuka kutoka ukutani.

"Kama mwaka ule tulipopaua nyumba? Mahindi mpaka tukalaza mengine sebuleni, na Imelda ndiyo anaota meno?"

Nikasema ndiyo. Kama mwaka ule.

"Sasa si ungesema hivyo toka mwanzo. Niandikie, herufi kubwa."

Nikakuandikia. Mwaka ule, Skola! Ulikuwa unambeba mtoto mgongoni unapita juu ya mahindi sebuleni, unayalaani kwa kukuzibia njia. Ninakumbuka harufu yake, na panya waliokuja kwa harufu hiyo. Hakuna aliyetuambia kwamba ndiyo yenyewe, na kwamba isingekuja nyingine ya kuilinganisha nayo.

Ulirudishwa nyumbani kwa sababu hospitali haikuwa na la zaidi. Ulidarizi kitandani, mito mitatu mgongoni, Mama Kanuti akikutungia uzi kwa kuwa vidole vilikuwa vinatetemeka kwenye tundu la sindano, ingawa kwenye kitambaa havikutetemeka. Neno ulilitia kwa uzi wa kijani. Kando yake pande zote ukamwaga vipunje vya mchele, kwa ajili ya Rujewa, na pembeni ukaweka herufi I ndogo. Imelda alikuwa amechukua ruhusa kazini kukuuguza, na kila alipoingia chumbani shuka lilisukumwa chini ya blanketi, na kila alipotoka likatoka. Nililipitia kwa macho ya kusahihisha. Halikuwa na kosa. Ukalikunja, likaingia sandukuni. Foronya ulizichora maneno kwa penseli, hukuzigusa tena.

Ulitutoka asubuhi, Imelda amekushika mkono, mimi nikiwa nimetumwa kuangalia uji.

Msiba unaujua ulivyo. Wanaume tulikaa nje kwenye moto, wanawake ndani na wewe. Kikundi chenu mna desturi yenu, mwenzenu akifariki mnamfunika kwa kazi ya mkono wake mwenyewe, na mnachagua iliyo nzuri kuliko zote. Niliijua desturi hiyo. Haikunijia akilini hata kidogo mpaka muda wa kuaga, jeneza lilipofunguliwa na mimi nikatangulizwa. Ulikuwa umefunikwa hadi kifuani, ukingo wa shuka umekunjwa kwa adabu, na neno linaangalia juu. Prosperity. Kwa uzi wa kijani.

Nilisimama pale hadi shemeji akanishika kiwiko. Watu walidhani ni uchungu. Ilikuwa hasira, mke wangu. Niliwakasirikia wale wanawake, nikalikasirikia lile neno, na kamusi, na Sista wa watu. Umelala ndani ya sanduku la mbao na wamekuandikia kifuani habari ya mahindi na meno ya mtoto. Na shuka lenyewe si lako. Lakini nani anamvua marehemu? Nikarusha udongo wangu, nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku kuhakikisha, nikazikuta foronya peke yake.

Niliyemlaumu zaidi ni Mama Kanuti. Wengine hawakujua, yeye alijua, yeye ndiye aliyetunga uzi. Miezi ikapita, sendofu ikasogea, nami sijui nitamwambia nini mtoto. Atasimama mbele ya watu wa Rujewa, mama mkwe anayeangalia mikono atanyoosha yake kupokea, na hakuna cha kupokea. Mwishowe nikamfuata Mama Kanuti kwake, nikamwomba atengeneze lingine linalofanana, na Imelda asijue. Hakunitazama. Aliendelea kupepeta maharage.

"Mwalimu, kwanza kamuulize mtoto wako."

"Nimuulize nini?"

"Nasema kamuulize. Mi' sina la kuongeza."

Niliona ni ufedhuli, nikaondoka bila kuaga. Nikaenda mjini, nikanunua shuka la kiwandani, maua makubwa ya waridi, na foronya zake. Nilipolifungua nyumbani nikakuta mashine imeandika Sweet Dreams. Nilikaa nalo magotini nikajiona mtu mpumbavu kuliko wote Kalenga.

Asubuhi ya sendofu Imelda alikuwa chumbani kwetu, amekaa kwenye kitanda chako, nusu ya kichwa ina vibanio na nusu bado, msusi ametoka kwenda kuchemsha maji. Nikaona ni sasa au watamwona watu wote akiaibika. Nikafunga mlango.

"Imelda, mama yako alikushonea shuka."

"Najua, baba."

"Halipo, mwanangu. Siku ile ya msiba wale akina mama waliingia sandukuni, hawakujua ni—"

"Baba, hawakuingia. Ni mimi niliitoa."

Nikabaki na mkono kwenye komeo. Akanieleza taratibu, kama anayemsomea mgonjwa majibu. Kumbe desturi yenu ni kwamba binti mkubwa ndiye anayechagua, na wewe una huyohuyo mmoja. Walimpeleka kwenye sanduku. Akayatoa mashuka yako moja moja, lile la njiwa, lile la zabibu la Pasaka, akafika chini akaliona lile la kijani. Herufi yake akaiona. Mama Kanuti alimshika mkono. "Hiyo usiiguse, hiyo yako, chukua ya zabibu." Akasema hapana, hiihii. Wakabishana juu ya mwili wako, kwa kunong'ona, mpaka Mama Kanuti akakubali na yeye mwenyewe akakunja ukingo ili neno lionekane.

"Lakini kwa nini? Alikaa nalo kitandani na maumivu yote yale, kwa ajili yako."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Alikuwa anavichezea vibanio mapajani. Uso wake haukuwa wa mtu anayelia. Ulikuwa uso wako kabisa, ule wa kufumua kazi na kuanza upya.

"Mi' nitalalia mashuka mengi, baba. Mama alikuwa amebakiwa na moja tu."

Nililia mbele ya mtoto, Skola, jambo ambalo hata makaburini sikulifanya. Yeye akanisogezea kanga yako, na msusi aliporudi na maji akamwambia asubiri nje. Ukumbini Imelda alizipokea zile foronya za penseli kutoka mkononi mwangu, mbele ya wakwe. Mama mkwe alizichukua, akapitisha kidole juu ya mistari ambayo haikushonwa, akazikunja tena kama zilivyokuwa.

Hayo ndiyo niliyotaka uyapate. Nisikudanganye kwamba yamenipa nafuu. Kurasa za kitabu chako zilizobaki sizigusi, sina wa kunibishia, na alasiri ni ndefu. Kwa Mama Kanuti nimekwenda kuomba radhi, akanipa maharage. Lakini miezi yote hii nilipopita makaburini nilikuwa nasema moyoni kwamba umezikwa na kitu kisichokuwa chako, kwamba Imelda alinyang'anywa, nawe ukapewa kwa makosa. Haikuwa hivyo. Lilikuwa la mtoto wako, akakupa. Nimeona ni haki ujue ni nani aliyekufunika.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Imelda